Kuurudisha Mkono Baada ya Kiharusi: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Nyumbani

Maswali yanayoulizwa kuhusu mkono uliopooza yanafanana mno. Mguu umeanza kurudi, mtu anatembea na fimbo, lakini mkono umekaa vilevile. Ukiuliza unafanyiwa nini, jibu ni lilelile: unakandwa asubuhi na jioni, kuna mtu anavuta vidole vinyooke, na mchana kutwa mgonjwa anafinya mpira. Mkono huo unafanyiwa mambo mengi. Wenyewe haufanyi kitu isipokuwa kufumba, na kufumba ndiko kusikohitaji mazoezi.

Kiharusi hakikuharibu mkono. Kiliharibu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiutuma. Mwendo hurudi pale ubongo unapojipanga upya na kupitisha amri kwa njia zilizosalia, na haujipangi mpaka mwenye mkono ajaribu mwenyewe, kwa nia, mara nyingi sana, kitendo chenye shabaha. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo.

Nazungumza na mgonjwa. Kama unamuuguza mtu, someni pamoja. Pale unapohusika nimekutaja.

## Kabla ya kugusa chochote

Uwe umeshaonwa na daktari, na mtaalamu wa fiziotherapia awe ameupima mkono walau mara moja. Mwongozo huu hauchukui nafasi yake. Unajaza zile saa nyingi ambazo hayupo.

Usianze, na kama umeanza simama, ukiona lolote kati ya haya:

- presha imepita kiwango alichokuwekea daktari, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au pumzi kukatika;
- bega linauma hata ukiwa umetulia;
- mkono umevimba ghafla, una joto na umebadilika rangi;
- umeanguka karibuni na hujapimwa mifupa.

Uso ukishuka upande mmoja, mkono au mguu ukilegea zaidi ya jana, maneno yakivurugika, macho yakififia ghafla au kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Usilale kwanza uone kama itapita.

Jambo jingine ni haraka ya siku ya kwanza. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa 2015, uligundua kwamba wagonjwa waliotolewa kitandani mapema mno na kwa wingi ndani ya saa 24 walikuwa na matokeo mabaya kidogo baada ya miezi 3 kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Siku hiyo waachie wauguzi. Kazi yako iwe kuukinga mkono tu, kama ilivyoelezwa katika hatua ya 2.

## Vifaa

Karibu vyote viko ndani ya nyumba:

- kiti imara chenye mgongo wima, kisicho na magurudumu;
- meza inayofika usawa wa kiwiko ukiwa umekaa;
- mito miwili au mitatu;
- taulo dogo na kitambaa kinachoteleza vizuri mezani;
- shuka la kukunja liwe kama mkanda mpana;
- vifuniko 20 vya chupa, boksi la chini na kikombe cha plastiki;
- chupa tupu ya maji yenye kifuniko;
- kioo kinachoweza kusimama wima mezani, kirefu kutosha kuonyesha mkono kuanzia kiwiko;
- saa au simu ya kupima muda;
- daftari na kalamu.

Daftari si pambo. Mkono hurudi taratibu kiasi kwamba anayekaa nao kila siku haoni badiliko, na asiyeona badiliko huacha.

## Hatua ya 1: Jua mkono wako uko wapi

Kaa mezani, mgongo umeegemea kiti, mkono uliopooza wote hadi kiwiko umelala juu ya meza. Jaribu mambo matatu bila kusaidiwa: sogeza mkono utoke ubavuni kwenda pembeni, inua kiganja huku mkono umebaki mezani, kisha nyoosha vidole.

Utajikuta katika kundi mojawapo.

Kundi la kwanza: hakuna kinachotikisika. Mkono umelegea na ni mzito.

Kundi la pili: mwendo upo, ila unakuja kwa mkupuo. Ukitaka kuinua mkono, bega linapanda, kiwiko kinajikunja na vidole vinafumba, vyote pamoja.

Kundi la tatu: dole gumba na walau vidole viwili vinanyooka kidogo, na kiganja kinainuka kwenye kifundo cha mkono.

Makundi haya ndiyo yanayoamua utumie muda wako wapi. Wa kundi la kwanza atakaa sana kwenye hatua ya 2, 4 na 6. Wa pili, hatua ya 4 na 5. Wa tatu asipoteze wiki nzima akiteleza na taulo. Aende kwenye kazi halisi.

Ndugu hufurahi mgonjwa akiubana mkono wa mgeni kwa nguvu. Mimi ningefurahi zaidi kama angeweza kuuachia. Vidole kunyooka ndiyo ishara njema, hasa vikinyooka mapema katika siku za mwanzo. Kubana huja hata pale ambapo matumizi hayaji.

Sasa chukua kipimo. Kama vidole vinashika, panga vifuniko upande mmoja wa boksi na uhesabu vingapi unavivusha upande wa pili, kimoja kimoja, kwa sekunde 60. Kama havishiki, weka mkono juu ya kitambaa, telezesha mbele kadiri unavyoweza bila mgongo kuacha kiti, na utie alama mezani pale vidole vilipofika. Andika tarehe na namba. Piga video fupi.

Mwisho, funga macho na msaidizi akuguse kidole kimoja kimoja, nawe utaje alichogusa. Ukikosa mara nyingi, mkono huo haukulindi na moto wala ncha kali. Kuanzia leo maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, na mgonjwa asikae karibu na jiko huku ule mwingine unaning'inia.

*Umefaulu ukiwa na:* kundi lako, namba moja, video moja, na jibu kuhusu hisia.

## Hatua ya 2: Lilinde bega, mchana na usiku

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowagharimu watu wengi mkono.

Bega ni kiungo chenye kikombe kifupi. Mfupa wa mkono umekaa pale kwa kushikiliwa na misuli, na misuli hiyo ikilegea mfupa unashuka kwa uzito wake. Mara nyingi utaona kishimo chini ya ncha ya bega, kinachoingia kidole. Kushuka kwenyewe si lazima kuume. Kinachouma ni mkono kuvutwa ukiwa katika hali hiyo. Bega likishauma, mgonjwa anaukumbatia mkono kifuani, hataki uguswe, na mazoezi yote yanakwisha hapo.

Kwa msaidizi: usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza, wala kwa kwapa lake. Si kumwinua kitini, si kumgeuza kitandani, si kumvalisha. Mshike kiunoni au weka kiganja nyuma ya kombe la bega, lile fupa bapa la mgongoni. Kila anayeingia chumbani alijue hili, na wageni wenye huruma ndio hasa wa kuangaliwa.

Akiwa amekaa: mkono uliopooza wote, kiwiko hadi vidole, ulale mezani au juu ya mto mapajani. Usining'inie kando ya kiti.

Akilala chali: mto mdogo chini ya bega na mkono, kiganja kiwe wazi.

Akilala kwa upande mzima: mto mnene mbele ya kifua, mkono uliopooza ulale juu yake wote, pamoja na kifundo na vidole.

Akilala kwa upande uliopooza: inaruhusiwa, ila kwanza msaidizi avute kombe la bega mbele taratibu ili mwili usilalie kiungo chenyewe.

Kuvaa: mkono uliopooza unaingia wa kwanza kwenye nguo na kutoka wa mwisho.

Kuna kifaa cha kamba na gurudumu kinachofungwa juu ya mlango, mkono mzima unavuta na uliopooza unapanda. Usikitumie. Kinauinua mkono bila kombe la bega kufuata, na kiungo kinabanwa kwa juu. Kwa sababu hiyohiyo, msaidizi asiupandishe mkono uliolegea kupita usawa wa bega mpaka mtaalamu amwonyeshe jinsi ya kulisogeza kombe na kuugeuza mkono nje wakati unapanda.

Kitambaa cha kufunga mkono shingoni kina nafasi yake kwa mwenye mkono uliolegea, wakati amesimama au anatembea. Akikaa, kivuliwe. Kikivaliwa siku nzima, kinaufundisha mkono mkao uleule tunaoukimbia: kiwiko kimekunjwa, mkono kifuani.

*Umefaulu pale ambapo* mgonjwa analala bila kuamshwa na bega, na hakuna mtu nyumbani anayenyoosha mkono kumvuta.

## Hatua ya 3: Andaa mkono, dakika 5 hadi 10

Ni maandalizi tu. Mkono mzima uushike uliopooza kwa chini, uukunje na kuukunjua kiwiko, uugeuze kiganja juu na chini, uzungushe kifundo, mara 5 hadi 10 kila kiungo, polepole. Macho yatazame mkono na akili iuambie uende, hata kama mwendo wote unatoka kwa msaada.

Kisha usugue kiganja kwa vitu vya aina mbalimbali: taulo, kitambaa laini, brashi ya nguo. Taja unachohisi.

Ngumi iliyokaza isifunguliwe kwa kuvuta ncha za vidole. Huo ndio mvutano unaoikaza zaidi. Kunja kifundo kwanza kiganja kielekee chini, na vidole vitalegea vyenyewe kidogo. Shika dole gumba kwenye shina lake, ulitoe nje. Halafu nyoosha vidole, na mwisho kabisa ndipo uinue kifundo taratibu.

Kunyoosha na kukanda huleta nafuu ya muda na usafi wa kiganja, na hilo ni jambo jema. Ila tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa kunyoosha peke yake hakuongezi kwa maana mwendo wa viungo baada ya kiharusi. Dakika 10 zikiisha, endelea mbele.

## Hatua ya 4: Telezesha mezani

Meza inabeba uzito wa mkono, hivyo nguvu kidogo uliyo nayo inatosha kuzaa mwendo.

1. Kaa mgongo umegusa kiti. Fungia kifua kwenye kiti kwa lile shuka, imara lakini uweze kupumua vizuri.
2. Weka kitambaa chini ya kiganja na mkono.
3. Weka kikombe mbele yako, sentimita chache kupita pale unapofika kirahisi.
4. Kifuate kikombe mpaka ukiguse. Rudi. Hiyo ni moja.
5. Baada ya marudio 10, hamisha kikombe kidogo kuelekea nje. Baadaye kidogo kuelekea ndani.

Shuka lina kazi kubwa. Mkono dhaifu hutafuta njia ya mkato: kiwiliwili kinainama mbele na kumfikisha mtu kwenye kikombe bila kiwiko kukunjuka hata nyuzi moja. Mgonjwa anashangilia, mkono haujajifunza kitu. Kiwiliwili kikifungwa, kiwiko hakina budi kufanya kazi yake.

Angalia pia bega kupanda kuelekea sikio. Likipanda, umeweka kikombe mbali mno, kisogeze karibu. Usibane pumzi. Hesabu kwa sauti, kwa kuwa mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Wa kundi la kwanza afanye haya msaidizi akiushika mkono kwa chini na kuubeba. Mgonjwa anaanza kwa kujitahidi kusukuma kwa sekunde 3, ndipo msaidizi aumalizie mwendo. Asianze kabla ya mgonjwa. Sekunde hizo 3 ambazo hakuna kinachoonekana ndiyo sehemu yenye thamani. Kidole kimoja cha msaidizi kikae kwenye msuli wa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Siku moja atausikia ukicheza chini ya ngozi kabla jicho halijaona lolote, na hapo daftari lipate mstari mpya.

*Umefaulu pale ambapo* kiwiko kinakunjuka na mgongo haujaacha kiti. Umbali si hoja. Sentimita 5 safi zinazidi 30 za kuinama.

## Hatua ya 5: Fungua kiganja

Sasa tuje kwenye ule mpira.

Baada ya kiharusi misuli inayokunja vidole hurudi mapema na mara nyingi hukaza kupita kiasi. Inayofungua hubaki nyuma. Anayefinya mpira mara mia kwa siku anaipa mazoezi timu inayoshinda. Kama vidole vyako havifunguki, weka mpira kando. Kama vinafunguka vizuri na kilichobaki ni nguvu ya kushika, uendelee nao.

Fanya hivi badala yake.

a) Kifundo kwanza. Laza mkono mezani, kiganja kikitokeza nje ya ukingo na kutazama chini. Kiinue. Kikishindikana, ugeuze mkono usimame kwa ubavu wake, dole gumba juu, ili usipambane na uzito, na upeleke kiganja kuelekea nje. Bila kifundo kuinuka, kushika kikombe hakuwezekani hata vidole vikipona.

b) Vidole, ukianzia penye urahisi. Kifundo kikiwa kimekunjwa kuelekea chini, vidole hunyooka kwa wepesi, kwa sababu kano zinazovifumba zinalegea. Anzia hapo. Kadiri wiki zinavyokwenda, nyoosha vidole huku kifundo kimepanda kidogo zaidi ya jana.

c) Kuachia. Weka kifuniko au kitambaa kilichokunjwa kiganjani. Kazi yako ni kukiangusha ndani ya boksi. Hakuna haraka, toa amri, subiri, pumua. Kuachia kunaweza kuchukua sekunde nyingi mwanzoni, na kutikisa mkono kwa hasira kunaufumba zaidi.

d) Dole gumba. Sukuma kifuniko mezani kwa kulitoa dole gumba mbali na kiganja. Watu hulisahau, kisha wanashangaa kwa nini kikombe hakiingii mkononi.

Jitihada iliyoshindwa nayo ihesabiwe, mradi ilikuwa jitihada ya kweli. Lakini ikiwa katika majaribio 10 hakuna hata moja lenye mwendo wowote, kwa siku kadhaa mfululizo, rudi hatua ya 4 na uongeze kioo cha hatua ya 6. Muulize pia mtaalamu kuhusu mashine ya kusisimua misuli kwa umeme: vibandiko hukaa juu ya misuli inayofungua vidole na kuisaidia wakati wewe unajaribu. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiijaribu bila ruhusa ya daktari wake, na hakuna wa kujipachikia vibandiko kwa kubahatisha.

*Umefaulu pale ambapo* unaweza kukiachia kitu bila kuvibandua vidole kwa mkono mwingine.

## Hatua ya 6: Kioo

Hii inafaa zaidi kwa kundi la kwanza na la pili. Inaonekana kama mchezo wa watoto, ila ni kati ya tiba za mkono zilizofanyiwa tafiti nyingi, na zimeonyesha faida ya wastani ikifanywa pamoja na mazoezi mengine.

Simamisha kioo mezani katikati yako, uso wake ukitazama mkono mzima. Mkono uliopooza ufichwe nyuma yake. Vua pete, saa na bangili, mikono ifanane. Tazama ndani ya kioo: utaona kana kwamba mkono wa pili upo na ni mzima.

Fungua na kufumba mkono mzima polepole, geuza kiganja, inua kidole kimoja kimoja, huku macho hayaachi kioo. Nyuma ya kioo, uliopooza ujaribu hayohayo kadiri uwezavyo. Dakika 15 kwanza, kisha 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwezi mmoja kabla ya kuamua kama inakufaa.

Baadhi huhisi kizunguzungu au kuchanganyikiwa mwanzoni. Fumba macho, pumzika, rudia kwa muda mfupi. Asiyeweza kukaza macho na akili kwenye kioo kwa dakika chache bado hajafikia zana hii.

## Hatua ya 7: Upe mkono kazi

Mwanzoni mkono ulishindwa kwa sababu ubongo uliumia. Baadaye unaweza kushindwa kwa sababu umezoea kutotumika: kila ulipojaribu ulishindwa, ule mwingine ukawahi, na mazoea yakakomaa. Watu wengi wana mkono unaoweza mengi kuliko unavyofanya.

Anza na kazi ambazo mkono dhaifu ni msaidizi, kisha upande:

1. Kukandamiza karatasi isisogee wakati unaandika.
2. Kushikilia chupa wakati mkono mzima unafungua kifuniko.
3. Kusukuma droo ifunge, kuwasha taa, kupangusa meza.
4. Kuinua kikombe kitupu hadi mdomoni, kisha chenye maji robo.
5. Vifungo vya shati, vifuniko vya chupa, kugeuza kurasa.

Kazi ikikushinda nzima, ivunje. Kunywa maji ni kufika, kufungua vidole, kushika, kuinua, kurudisha, kuachia. Tafuta ni kipande kipi kinakwama, ukirudie chenyewe mara 20, halafu uunge kitendo chote. Hii ni bora kuliko kumwaga maji mara 20.

Wa kundi la tatu ana silaha ya ziada: kuufunga mkono mzima. Unavaa glavu nene kwenye ule mzima ili uliodhoofika ulazimike. Jaribio la EXCITE lililochapishwa 2006, lenye washiriki 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 iliyotangulia, lilifanya hivyo kwa wiki mbili, glavu ikivaliwa hadi asilimia 90 ya saa za kuwa macho, pamoja na mazoezi ya saa kadhaa kwa siku. Waliofanya waliboreka kuliko waliopata huduma ya kawaida, na tofauti ilionekana bado baada ya mwaka.

Nyumbani, anza na saa moja hadi mbili kwa siku, ukiwa umekaa, na kazi umezipanga kabla. Usivae glavu ukitembea, bafuni, kwenye ngazi, wala karibu na kitu cha moto; mkono mzima ndio utakaokushika ukiteleza. Glavu bila kazi ni kujitesa bure. Na mwenye vidole visivyofunguka asilazimishwe kuivaa, ataambulia kushindwa siku nzima.

*Umefaulu pale ambapo* mkono unawahi kitu kabla hujaukumbusha.

## Hatua ya 8: Hesabu marudio, si dakika

Utafiti uliochapishwa 2009 ulihesabu ni mara ngapi mkono unarudia vitendo halisi katika kipindi kimoja cha tiba ya kiharusi. Wastani ulikuwa 32. Wanyama wa maabara walioonyesha mabadiliko ya ubongo walikuwa wakifanya mamia kwa siku. Ndiyo maana nusu saa ya "mazoezi" yenye mazungumzo, chai na kupanga mito haitoshi.

Lenga marudio 100 kwa siku wiki ya kwanza, ukipanda kuelekea 300 kadiri mwili unavyokubali. Yagawe katika vipindi vitatu au vinne. Hamisha vifuniko kutoka bakuli moja kwenda jingine kila ukimaliza 10, usipoteze hesabu. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa 2023 unataka walau saa 3 za tiba kwa siku, siku 5 kwa wiki, tiba zote zikihesabiwa pamoja, kwa anayeweza. Ni kipimo kizuri cha kuona tunavyofanya kidogo.

Ugumu upangwe hivi: ukifaulu mara 8 au zaidi katika 10, ongeza, ukifaulu chini ya 5, punguza.

Uchovu wa kiharusi ni wa kweli na hauna uhusiano na uvivu. Weka kipindi kigumu saa ambayo akili yako ni nyepesi, kwa wengi asubuhi. Ukiona mwendo unazidi kuharibika ndani ya kipindi kimoja, mkono kukaza na bega kupanda, acha. Marudio mabaya nayo hujifunzwa.

## Yanayokwamisha katikati ya safari

Mkono unazidi kukaza. Tafuta kwanza kichocheo: maumivu, kibofu kilichojaa, kufunga choo, kidonda, baridi, mkao mbaya. Ukiondoa hayo na bado ngumi haifunguki hata kwa kunawa, mwone daktari. Zipo sindano za kulegeza misuli husika, na hufaa zaidi mazoezi yakifuata mara baada yake.

Kiganja kimevimba. Kikiwa kimening'inia siku nzima, kiinue juu ya mito na ukitumie zaidi. Uvimbe wenye joto, rangi iliyobadilika na maumivu makali ukiguswa kidogo tu, pelekea daktari usikawie.

Mgonjwa hauoni mkono. Si ukaidi. Viharusi vingine, hasa vya upande wa kulia wa ubongo, huondoa umakini kwa upande wa kushoto. Msaidizi akae upande huo, azungumze kutokea huko, na kila zoezi lianze kwa mgonjwa kuutafuta mkono wake kwa macho.

Hataki tena. Huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa unaotibika na unawapata wengi. Hotuba za kumtia moyo hazitoshi. Daktari aambiwe kama anavyoambiwa kuhusu presha.

## Kupima tena

Kila baada ya wiki mbili rudia kipimo cha hatua ya 1: meza ileile, kiti kilekile, saa ileile ya siku. Piga video mpya na uitazame pamoja na ya kwanza.

Kasi kubwa huwa miezi 3 ya mwanzo, kisha hupungua. Haikomi pale. Watu huongeza uwezo hata baada ya mwaka, mradi mazoezi ni mengi na yenye shabaha, kwa hiyo usikubali kuambiwa mlango umefungwa kwa sababu ya kalenda pekee.

Kama wiki 4 zimepita, marudio yameandikwa kweli daftarini na namba haijasogea, usiongeze tu kilekile. Peleka daftari na video kwa mtaalamu wa fiziotherapia na umwulize mambo matatu: kipande kipi cha mwendo kinakwama, je, kukaza kunahitaji dawa, na zoezi lipi liondolewe.

Na kama vidole havirudi, bado kuna shabaha za kupigania: bega lisilouma, kiganja kinachofunguka kuoshwa na kukatwa kucha, na mkono unaoweza kukandamiza, kusukuma na kubeba mfuko uliotundikwa kwenye kiwiko. Ziandikwe daftarini kama namba nyingine, nazo zipimwe kila wiki mbili.